Mjadala: Pesa za mtoto nyota wa sinema ni zake au za wazazi? Tuanze na Jackie Coogan

Mleta mada

Wakuu, habari zenu. Kila inapozuka habari ya nyota wa Marekani aliyekua akakuta akaunti yake haina kitu, tunamtukana mzazi siku moja, kesho yake tumeshasahau. Leo naomba tuichimbe mada yenyewe, na nitaanza na yule ambaye sheria ya California inaitwa kwa jina lake mpaka sasa.

Jackie Coogan alizaliwa Los Angeles mwaka 1914, wazazi wote wawili wasanii wa jukwaani. Charlie Chaplin alimwona mwaka 1919 akiwa jukwaani na baba yake, akamchukua kwenye The Kid, filamu bubu iliyotoka mwaka 1921. Kazi ilianza mtoto hajafikisha hata miaka mitano. Mle ndani kuna onyesho ambalo ukiliona mara moja hulisahau: maofisa wanamnyakua mtoto kumpeleka kituo cha yatima, wanamtupia nyuma ya gari, naye ananyoosha mikono akilia kilio ambacho huwezi kukiita maigizo.

Chaplin mwenyewe ameandika jinsi machozi yale yalivyopatikana. Siku ile mtoto alikuwa amechangamka, kulia hataki. Baba akasema niachieni mimi. Akamchukua pembeni, akamwambia asipolia ataondolewa pale studio na kupelekwa kweli kwenye kituo cha mafukara. Mtoto akaangua kilio, kamera zikazunguka. Baadaye Chaplin alipokwenda kumbembeleza, Jackie alimjibu kwamba alijua baba anamtania tu. Nalitaja hilo jibu kwa sababu ni haki litajwe. Lakini mtoto wa umri ule, kulia alilia, na kilio kile kiliuzwa dunia nzima.

Baada ya hapo alikuwa miongoni mwa watu wanaojulikana zaidi duniani. Uso wake uliwekwa kwenye wanasesere, kwenye siagi ya karanga, kwenye filimbi na madaftari. Mwaka 1924, akiwa na miaka tisa, alizungushwa Marekani na Ulaya kuchangisha misaada ya yatima wa Kiarmenia na Kigiriki, na vyakula na nguo vilivyopatikana vilipita thamani ya dola milioni moja. Papa Pius XI alimpokea. Jumla ya mapato yake ya utotoni inakadiriwa kuwa kati ya dola milioni 3 na 4, na hizo ni dola za enzi zile.

Baba ndiye aliyeshika mfuko. Mei 1935 baba akafa kwenye ajali ya gari huko kusini mwa California, wakirudi kutoka kuwinda Mexico. Ndani ya gari lile Jackie peke yake ndiye aliyetoka hai. Oktoba mwaka huohuo akatimiza miaka 21, akiwa anaamini kuna akiba inamsubiri. Hakukuwa na kitu cha kukabidhiwa. Mama yake alikuja kuolewa na Arthur Bernstein, mtu aliyekuwa akisimamia mambo ya fedha ya familia, na pesa zikaenda kwenye vito, makoti ya manyoya na magari. Jackie alipokwama alimwendea Chaplin, naye akampa dola 1,000 papo hapo bila kumhoji.

Mwaka 1938 akamshtaki mama yake na baba wa kambo. Msimamo wa mama haukuwa kwamba hawakuzitumia. Alisema kila dola anayoipata mtoto kabla ya miaka 21 ni ya wazazi wake, na hakuna aliyewahi kumwahidi Jackie chochote. Wakuu, kwa sheria ya California ya wakati ule, mama alikuwa sahihi! Kesi iliisha kwa maelewano mwaka 1939. Katika milioni zile zilikuwa zimebaki kama dola 250,000, Jackie akaambulia 126,000.

Umma ulikasirika, na mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya watoto waigizaji, ile tunayoiita Sheria ya Coogan. Ilimpa jaji uwezo wa kuamuru hadi nusu ya mapato halisi ya mtoto yawekwe akiba. Tatizo ni kwamba iliigusa mikataba iliyopelekwa mahakamani tu, na mingi haikupelekwa. Na hata amri ilipotolewa haikufuatwa kila mara. Shirley Temple, aliyekuwa mtoto maarufu kuliko wote miaka ya 1930, alipofika miaka 22 aligundua kwamba katika dola zaidi ya milioni 3.2 alizoingiza zilibaki 44,000. Mahakama ilikuwa imeamuru sehemu iwekwe, baba yake hakuiweka.

Ilichukua miaka sitini kuziba tundu hilo. Tangu Januari 2000 California inatamka kwamba pesa anayoingiza mtoto kwenye sanaa ni yake yeye, yote. Mwajiri mwenyewe anatakiwa kukata asilimia 15 ya mapato kabla ya makato mengine na kuipeleka kwenye akaunti ya amana ambayo haiguswi mpaka mtoto afikishe miaka 18. New York nayo ikaweka asilimia hiyohiyo.

Hoja yangu iko hapa. Sheria inasema dola 100 zote ni za mtoto, halafu inafungia 15 tu. Zile 85 zinapita mikononi mwa mzazi, na mtoto wa miaka saba hawezi kudai risiti. Mimi nasema ifungwe nusu, kama jaji alivyoruhusiwa mwaka 1939, na mzazi anayefanya kazi ya kumsimamia mwanawe alipwe ujira uliotajwa kwenye mkataba, unaoonekana na kila mtu. Asiwe mwenye mali. Karibuni.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, mada nzuri ila umeegemea upande mmoja. Umetaja makoti ya manyoya, hukutaja mzazi anayeacha kazi yake. Pale California mtoto haruhusiwi kuwepo kwenye eneo la kurekodi bila mzazi au mlezi. Maana yake kuna mtu mzima mmoja katika nyumba ambaye hawezi tena kuajiriwa kwingine. Wanahama mji, wanapanga chumba Los Angeles wakisubiri mtoto aitwe usaili, na wengi haitwi kabisa. Hizo gharama za miaka ya kutafuta nani amelipa? Huyo mtoto?

Halafu piga hesabu. Katika dola 100, wakala anachukua 10. Meneja akiwepo naye ana chake, mara nyingi 15. Kodi ya serikali ipo. 15 zimeshafungwa. Ukifunga 50, familia ya kipato cha chini inaishi kwa nini? Utabaki na watoto wa matajiri peke yao kwenye sinema, kwa sababu wao ndio wazazi wanaoweza kusubiri.

Na Shirley Temple uliyemtaja hakuwahi kuwapeleka wazazi wake mahakamani. Alikua, akaolewa, akawa balozi wa Marekani nchini Ghana na baadaye Czechoslovakia. Kwa nini sisi tuwe na uchungu kuliko yeye? Familia hula pamoja. Mtoto akipata, nyumba imepata. Hivyo ndivyo tulivyolelewa wengi wetu hapa.

Mchangiaji, Mombasa

Vijana, mimi sijui sana mambo ya sinema, lakini hili la mali ya mtoto kwetu si geni. Katika sheria zetu za Kiislamu mtoto anaweza kumiliki mali yake mwenyewe: karithi, kapewa hiba, au kachuma. Walii wake anaishika kwa niaba yake. Na kwa mali ya yatima mambo yamewekwa wazi kabisa: walii akiwa na uwezo wake ajizuie asiguse, akiwa fukara ale kwa kadiri inayokubalika, na siku ya kumkabidhi mwenyewe mali yake kuwe na mashahidi.

Tazameni hayo mambo matatu. Mwenye mali anajulikana. Mwenye kuishika ana ruhusa ya kula, ila kwa kadiri. Na kuna mashahidi siku ya kukabidhi. Huyo Coogan alikosa yote matatu. Ndugu wa Mwanza anasema familia hula pamoja. Ni kweli, lakini aliyekula mali ya mtoto bila kadiri hajala pamoja naye, amemla yeye.

Ila nusu kufungwa, kijana wangu, siioni. Kuna nyumba ambayo robo inatosha kuiacha na njaa, na kuna nyumba ambayo hata asilimia 90 ikifungwa hawatajua. Kadiri haiwi namba moja kwa watu wote.

Mleta mada

Shikamoo mzee wangu wa Mombasa. Umenipa kitu nilichokuwa nakitafuta bila kukipata: ruhusa ya kula yenye kadiri. Ndiyo ujira ninaousema.

Ndugu wa Mwanza, hoja yako ya mzazi anayeacha kazi naikubali, ndiyo maana sisemi mzazi afanye bure. Kinachonitia shaka ni mzazi kujilipa kwa kiwango anachokijua yeye peke yake. Tazama Gary Coleman. Kijana yule mfupi mchekeshaji, aliyezaliwa na maradhi ya figo, figo akapandikizwa na kuishi kwa mashine za kusafishia damu. Kipindi chake cha televisheni kilianza mwaka 1978, na kilipopamba moto alikuwa akilipwa hadi dola 100,000 kwa sehemu moja. Mwaka 1989 aliwashtaki wazazi waliomlea pamoja na aliyekuwa mshauri wake wa biashara, na mwaka 1993 mahakama ikamwamulia dola milioni 1.28. Miaka michache baadaye alikuwa mlinzi, na mwaka 1999 akatangaza kufilisika. Wale walijilipa kama wasimamizi wa kazi za mtoto wao. Ujira ulikuwepo, kadiri haikuwepo, na shahidi hakuwepo.

Kuhusu Shirley Temple: kutowashtaki wazazi ni heshima yake, wala si ushahidi kwamba hakudhulumiwa. Wangapi humu wamedhulumiwa na ndugu wa damu wakanyamaza kulinda jina la ukoo? Tukisubiri mtoto alalamike ndipo tuseme kuna kosa, tutasubiri sana. Jackie mwenyewe alilaumiwa kwa kumfikisha mama yake mahakamani.

Na hilo la watoto wa maskini kukosa nafasi, linanigusa. Lakini angalia nani anayebeba hatari katika mpango wako: familia inacheza kamari, na dau ni utoto wa mtu mmoja. Ikishinda, pesa ni za wote. Ikishindwa, aliyekosa shule na marafiki ni yule yule mmoja.

Mchangiaji, Minneapolis

Kaka mleta mada, mnazungumzia studio kana kwamba bado ndipo watoto walipo. Mimi ni mama, naishi Minnesota na wanangu. Studio za California zina kanuni kali. Mtoto mchanga haruhusiwi kufanya kazi mpaka awe na siku 15, na mpaka miezi sita kazi yake haizidi dakika 20 kwa siku, tena mwanga mkali wa kurekodia hauruhusiwi kumpiga zaidi ya sekunde 30 kwa mfululizo. Kuna muuguzi pembeni, na kwa wakubwa kuna mwalimu ambaye ana mamlaka ya kusimamisha kazi.

Sasa linganisheni na sebuleni. Mama ana simu, mtoto ana miaka mitatu, matangazo yanaingia. Hakuna muuguzi, hakuna mwalimu, hakuna mwajiri wa kukata hiyo 15. Mwajiri ni mama mwenyewe. Sheria ya Coogan ilikuwa haimwoni mtoto huyu kabisa.

Ufaransa waliliona mwaka 2020, wakaweka sheria kwa watoto wa chini ya miaka 16 wanaoonekana kwenye video za kibiashara. Huku Marekani jimbo la kwanza lilikuwa Illinois, sheria yao ikaanza kazi Julai 2024: mtoto akionekana katika angalau asilimia 30 ya video za mzazi ndani ya siku 30, sehemu ya mapato inawekwa amana kwa jina lake, na isipowekwa ana haki ya kushtaki akikua. California ikafuata Januari 2025. Huku kwetu Minnesota imekuwa ngumu zaidi: tangu Julai 2025 wa chini ya miaka 14 haruhusiwi kufanyishwa kazi hii, na kijana anaweza kudai video zake zifutwe. Utah nako walitunga yao baada ya kesi ya Ruby Franke, mama aliyekuwa na chaneli kubwa ya familia kisha akahukumiwa kwa kuwatesa wanawe. Binti yake mkubwa alikwenda mwenyewe mbele ya wabunge wa jimbo kueleza maisha ya kurekodiwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wewe kaka. Unabishania nusu au robo. Mtoto aliyerekodiwa akilia, akiwa bafuni, akiwa na homa, hata ukimpa mia kwa mia, aibu yake shuleni inalipwa na akaunti gani?

Mchangiaji, Kigoma

Mimi naona mnazunguka. Mtoto asifanye kazi. Basi. Katika filamu wachukue watu wazima wafupi au wachore katuni. Tunawakataza watoto kubeba zege halafu tunawapigia makofi wakifanya kazi kwenye kamera kwa muda wa saa sita.

Mchangiaji, Mwanza

Ndugu wa Kigoma, ukifuta watoto kwenye sinema umefuta hadithi zote za utoto. Na wapo waliopenda kazi yao tangu wadogo mpaka leo: Jodie Foster ameanza akiwa na miaka mitatu kwenye tangazo, na bado anaigiza na kuongoza filamu. Mimi kwenye ujira wa wazi nimesogea kidogo, sina ubishi tena. Ninachouliza ni nani atakayepanga kadiri. Serikali? Jaji asiyeijua nyumba yangu? Jaji huyohuyo ndiye alitoa amri kwa baba yake Shirley na haikufuatwa.

Mleta mada

Ndugu wa Kigoma, nakuheshimu, lakini katazo hilo litawahamishia watoto sebuleni, kule ambako dada wa Minneapolis ametuonyesha hakuna hata muuguzi.

Dada yangu, swali lako ni zito kuliko mada niliyoileta. Turudi kwa Jackie kwenye lile gari la ndani ya filamu. Pesa ingewekwa yote, kilio kile bado kilipatikana kwa kumtisha mtoto. Kwa hiyo nakubaliana nawe: pesa ni nusu ya haki, na haki ya kufutiwa video naiona sahihi hasa kwa sababu sinema haikuwahi kuwa nayo. Lakini usiidharau akaunti. Mtoto mwenye pesa zake akifika miaka 18 anaweza kuondoka nyumbani, anaweza kulipa wakili, anaweza kukataa kurekodiwa tena bila kuogopa atalala wapi. Jackie alikwenda mahakamani akiwa ameshakosa kila kitu, na ndiyo maana alilazimika kukubali 126,000 yaishe.

Swali la Mwanza, nani apange kadiri. Macaulay Culkin ni mfano mzuri wa kutazama. Alikuwa na miaka kumi Home Alone ilipotoka mwaka 1990, na ya pili yake ikamlipa dola milioni 4.5. Wazazi walipotengana mwaka 1995 na kuanza kuvutana, yeye mwenyewe bado kijana alikwenda kwa njia ya sheria majina ya wazazi yakaondolewa kwenye mfuko wake wa amana, akawekwa msimamizi wa nje. Ameeleza baadaye kwamba hakuwa anawapokonya kitu. Alitaka tu yule anayeshika pesa asiwe mmoja wa wanaogombana. Pesa zake zikapona.

Hivyo jibu langu ni mtu wa tatu: asiyekula kwenye mfuko ule, anayepokea malipo moja kwa moja kutoka studio, anayetoa hesabu kila mwaka, nakala moja kwa mzazi na nyingine inatunzwa mpaka mtoto awe mkubwa aisome. Baba yake Shirley alifanikiwa kuipuuza amri kwa sababu pesa zilipita mkononi mwake kwanza. Tangu 2000 zile 15 hazipiti tena kwa mzazi, na zinafika. Kilichofanyika kwa 15 kinaweza kufanyika kwa 50.

Mzee wa Mombasa, kwenye namba umenibana. Nyumba hazifanani. Naweza kukubali nusu iwe ndiyo kawaida, na mzazi mwenye shida aende kwa huyo mtu wa tatu aombe ipunguzwe, kwa maandishi, akitaja anachotaka kulipia: kodi ya nyumba, dawa, ada. Nikukute hapo?

Mchangiaji, Mombasa

Marahaba. Tumekaribiana, ila nusu bado ni nyingi kuanza nayo. Anza na robo, uipandishe kwa kadiri mapato yanavyopanda. Anayeingiza milioni afungiwe zaidi kuliko anayeingiza elfu kumi. Na zile hesabu, mtoto aanze kuonyeshwa akiwa na miaka kumi na miwili. Asingoje kumi na nane. Mtu hujifunza kuishika mali yake akiwa bado ana wa kumwuliza.